Mwendo wa Regina

Regina hakupenda kupigwa picha, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa jambo hilo. Mara moja tu alikubali, alipokwenda kuandikishwa kitambulisho, na alipoletewa akakitazama akasema yule mwanamke anafanana na mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani. Tangu hapo, mtu akitoa simu, yeye anageuka na kumwonyesha kisogo. Kitambulisho chenyewe alikihifadhi juu ya kichanja cha jikoni, moshi ukafanya kazi yake, na siku alipofariki binti yake Martina alikishusha akakuta kilemba na kidevu. Uso ulikuwa umefutika.

Basi picha hakuna. Lakini ungemuuliza Martina, angekwambia kwamba hata ingekuwepo isingemsaidia sana, kwa sababu mama yake hakuwa mtu wa kutulia mahali mpaka umtazame. Mama yake alikuwa mwendo. Zamani, Martina akiwa bado mtoto, Regina aliteremka mlima na tenga la njegere kichwani akiwahi Fuso la kwenda Dar, akateleza kwenye matope, akavunjika mguu wa kushoto, na mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Toka hapo akawa anauburuta mguu ule kidogo, kisha anaurusha mbele kwa hasira kama mtu anayemwondoa paka njiani, halafu ndipo anatua fimbo. Watu wa Luhangalo walimjua akiwa bado ndani ya ukungu, kwenye kona, kwa ule mburuto na ule mlio wa fimbo. Martina alijua zaidi yao. Kwa kusikiliza tu alijua kama mama yake ana njaa, ana hasira, au anawahi nyumbani kwa sababu ana umbeya wa kusimulia.

Alifariki Alhamisi, kwa kifua, katika ile baridi ya Juni ambayo huko juu ya Mgeta humfanya mtu alale na sweta. Martina alijikaza kisabuni. Alipokea salamu za watu, alitandika mikeka, aliwaonyesha wageni pa kukaa, na hakutoa hata chozi. Wanawake wa jumuiya walianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Hawakujua kwamba anasubiri kitu.

Alikuwa anamsubiri Shakila.

Ukoo wa Regina na ukoo wa Shakila ni watani. Sasa wewe wa mjini usije ukadhani utani ni mizaha ya kijiweni. Kule Luhangalo mtani ndiye mwenye msiba. Mfiwa kazi yake ni kukaa mkekani. Mtani ndiye anayechimba kaburi, anayesimamia masufuria, anayegombeza waliochelewa, na anayemsema marehemu ana kwa ana kwamba amefanya vibaya kufa wakati wa mavuno. Na kabla maiti haijatoka uani, mtani aliyemjua marehemu kuliko wote huvaa nguo yake, hushika fimbo yake, na kumtembeza kwa mara ya mwisho. Anatembea alivyotembea, anakohoa alivyokohoa, anagombana alivyogombana. Watu wanacheka, na katikati ya kucheka ndipo kila mtu analia kilio chake cha kweli. Kisha nguo inavuliwa, na marehemu ameshaaga. Inafanywa mara moja tu, hairudiwi. Na mfiwa hana ruhusa ya kumkatiza mtani, hata akichukizwa vipi, kwa sababu anayemkatiza mtani amekataa kuzikiwa.

Shakila na Regina walikuwa wamelima matuta yanayopakana tangu wakiwa wasichana, mmoja akienda kanisani Jumapili na mwingine akifunga Ramadhani, wote wawili wakigombania jogoo mmoja aliyekufa miaka mingi iliyopita. Alhamisi ile ile Shakila alipanda mlima akihema, akasimama mlangoni, akamfokea marehemu.

"We Regina! Ndiyo umekufa bila kukiri kwamba yule jogoo alikuwa wangu? Huna aibu!"

Wanawake walicheka na kujifuta macho. Kisha Shakila akainama mkekani, akamshika Martina mashavu kwa viganja vyake vikavu.

"Usilie kwanza, mwanangu. Jitunze. Jumamosi nitakuletea mama yako, umwone vizuri, ndipo ulie."

Martina akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na hamu hiyo kuliko misa, kuliko jeneza, kuliko maneno yote ya faraja. Alitaka kumwona mama yake akikatiza uani mara moja tena, amweke machoni, basi.

Bahati mbaya Jumamosi ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa siku ya Tamasha la Maporomoko, la kwanza katika historia ya Luhangalo. Wilaya ilikuwa imetangaza redioni na mitandaoni: njooni mwone maporomoko ya maji, ngoma za asili, vyakula vya Kiluguru, hewa safi ya milimani. Mabasi yalikuwa yamekodiwa kutoka Dar na Dodoma. Na hapa ndipo palipomuuma Martina, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati. Njia ya mkato ya kwenda maporomoko inapita ukingoni mwa uwanja wa nyumba yao, na ni yeye aliyewabembeleza wenzake wageni wapitishwe hapo badala ya njia ya shuleni. Alikuwa amepanga mawe kando ya njia na kuyapaka chokaa. Alikuwa amepanga kuuza plamu na chai ya tangawizi.

Ijumaa mwenyekiti wa kijiji, Mwinshehe, alikuja kutoa pole akiwa na kijana mmoja wa wilayani, afisa utamaduni, jina lake Elia. Elia alikuwa kijana mwenye adabu zake. Aliwaamkia wazee wote shikamoo mmoja mmoja, akavua kofia, akakaa chini kabisa.

"Poleni sana," alisema. "Kwa kweli tumejadili kuahirisha. Lakini watu wameshalipia mabasi, na wengine wameshafika Morogoro wamelala mjini."

Mjomba Andrea, kaka yake Regina, ambaye ndiye mwenye neno katika nyumba ile, alikohoa. "Hatujasema muahirishe. Sisi tunazika asubuhi. Padri anakuja mapema. Wageni wenu wakifika mchana watakuta tumeshamaliza."

"Itakuwa vizuri sana, mzee," Elia akasema, na alionekana amefarijika kweli.

Martina alitaka kusema wapitishwe njia ya shuleni. Aliona aibu. Angesemaje, baada ya kelele zote alizopiga kwenye kamati? Akajiambia asubuhi ni asubuhi, mchana ni mchana.

Asubuhi ya Jumamosi ikafika, lakini padri hakufika. Jeneza lilitolewa likawekwa uani juu ya viti, watu wakaimba nyimbo zote wanazozijua, wakaanza kuzirudia. Baadaye ikapatikana habari kwamba barabara ya kutoka chini imefungwa. Magari yote yamesimamishwa kandokando mpaka msafara wa tamasha upite, kwa sababu barabara ile haina nafasi ya magari mawili kupishana. Malori ya kabichi yamesimama. Pikipiki iliyombeba padri imesimama. Mjomba Andrea alipiga simu, akapiga tena, mwisho akaitia mfukoni akabaki anatazama mlima wa ng'ambo. Wafanye nini? Huwezi kuupigia kelele mlima.

Ukungu ulipoanza kuinuka, padri akatokea, anatembea kwa miguu, kanzu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa ameiacha pikipiki huko huko. Ikaamuliwa apewe maji, apumzike kidogo, na wakati huo mtani afanye yake ili wasichelewe zaidi.

Shakila akaingia ndani. Alipotoka, alikuwa amevaa sweta la kijani la Regina, lile lenye kiraka kwenye kiwiko, na kilemba chake, na mkononi fimbo yake. Hakuanza mara moja. Alisimama kwenye kona ya nyumba, pale pale Regina alipozoea kusimama kutafuta pumzi akitoka shamba, akaegemea ukuta kwa bega. Kisha akaja.

Mguu wa kushoto ukaburutwa, ukarushwa mbele kwa hasira, fimbo ikatua.

Jamani, alikuwa yeye. Mburuto, fimbo. Mburuto, fimbo. Haikuwa Shakila tena, ilikuwa mama yake anakatiza uani, na kwa namna ile fimbo ilivyogonga Martina alijua kabisa kwamba ana umbeya. Watu waliangua kicheko. Shakila akasimama mbele ya jeneza, akalinyooshea kidole, akasema kwa sauti ya Regina ya puani: "Na huyu naye amelala mpaka saa hizi? Njegere nani atazichuma?" Mjomba Andrea alicheka mpaka akashika magoti, na alipoinuka uso ulikuwa umelowa. Martina akahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, kinapanda kifuani, kinafika kooni. Akafungua mdomo ili akiachie.

Makofi yakalia.

Hayakutoka uani. Yalitoka njiani, kwenye mawe yake ya chokaa. Wageni walikuwa wamefika. Walikuwa wengi, wamevaa fulana za tamasha zinazofanana, wamejipanga kando ya njia kwa adabu, na simu zao ziko juu. Jeneza lilizungukwa na watu, hawakuliona. Waliona bibi kizee mwenye sweta anayechekesha, na watu wanaocheka.

"Oya, huyu bibi ni noma!" kijana mmoja alisema. "Hii ndiyo asili sasa!"

Kile kilichokuwa kooni mwa Martina kikarudi chini. Alikihisi kinavyorudi, polepole, mpaka kikakaa mahali ambapo hakufikia tena.

Elia alipenya katikati ya wageni, akaingia uani, akaliona jeneza, na hapo hapo uso wake ukabadilika. Kwa muda alisimama kama mtu aliyeingia bafuni na kumkuta mwenzake. Martina alimwangalia akiomba kimoyomoyo awageuze watu wake, awaambie ni msiba. Lakini nyuma ya Elia alikuwepo mwanamke mmoja wa makamo, mwenye kamera kubwa, ambaye kila mtu alikuwa akimpisha. Baadaye ilisemekana ni mtu wa kutengeneza vipindi. Alimwinamia Elia sikioni. Elia akatikisa kichwa. Akainamiwa tena. Mwisho Elia akamwendea Shakila akiwa amekunja mikono kifuani kwa unyenyekevu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Shakila akajibu, bado kwa sauti ya Regina, na wageni wakacheka tena.

"Bibi, samahani sana. Hawa wametoka mbali, na wengine hawakuwahi mwanzo. Kama haitakuwa usumbufu, ungetembea tena kidogo tu, kutoka kule konani. Halafu tunaondoka, tunawaacha mzike."

Martina alimgeukia mjomba wake.

"Mjomba, mwambie. Hairudiwi."

Mjomba Andrea alikuwa bado anajifuta uso. Alimtazama Shakila, akawatazama wageni, akamtazama Mwinshehe mwenyekiti, ambaye alikuwa anatazama chini. "Siku ya leo mimi ni nani wa kumwambia mtani?" alisema kwa upole. "Na wewe tulia, mama. Mfiwa hamwelekezi mtani."

Na ndivyo ilivyo. Kila mtu pale alijua kwamba ndivyo ilivyo. Ni Shakila peke yake angeweza kusema hapana.

Sitaki kumsema vibaya Shakila. Alikuwa mzee ambaye maisha yake yote alipigiwa kelele na watoto, na mvua, na madalali wa mboga. Hakuwahi kupigiwa makofi. Alisimama na sweta la rafiki yake mwilini, akawatazama wale vijana wanaomtabasamia, na Martina akaona shingo ya bibi yule ikinyooka kidogo. Akarudi konani.

Safari hii wageni walikuwa wameingia mpaka nusu ya uwanja, upande wa kulia wa nyumba, kamera zote huko. Shakila akawageukia. Na ili wamwone vizuri, akaburuta mguu wa kulia.

Aliuburuta sana. Aliurusha juu kuliko Regina alivyowahi kuurusha, akapepesuka, akajifanya anataka kuanguka, akajishika kiuno. Wageni wakapiga mayowe ya furaha. Martina alijikuta amesimama. "Kushoto," alisema, lakini sauti haikutoka. Mwanamke mmoja wa jumuiya akamvuta chini taratibu, akamkumbatia, akimwambia ajikaze, kwa kudhani kwamba sasa ndiyo analia.

Wageni waliondoka kama walivyoahidi, wengine wakavua kofia walipopita karibu na jeneza. Regina akazikwa salama, padri akamwombea vizuri. Martina alitupa udongo wake kaburini, akarudi nyumbani na macho makavu.

Picha ile ya video ikaenea. Watu wa Luhangalo walio Dar waliirusha kwenye simu za ndugu zao, na kila aliyekuja kumpa pole Martina alikuwa nayo. "Mama yako ameshakuwa maarufu," walimwambia, na walisema kwa wema. Kila alipotazama ilikuwa ile ya mwendo wa pili. Ile ya kwanza hakuna aliyeichukua. Wakati ule wageni walikuwa bado wanapanda, na walipoinua simu Shakila alikuwa ameshafika mbele ya jeneza. Alianza kukataa kuitazama, lakini haikusaidia. Akiwa shambani aliisikia kwenye simu ya kibarua wa tuta la chini: mayowe, vicheko, na fimbo inayogonga vibaya.

Mwaka uliofuata barabara ilichongwa upya, mabomba ya maji yakafika shuleni, na Mwinshehe akasema mkutanoni, bila kificho, kwamba hayo yote ni matunda ya tamasha. Kisha akaja kwa Martina akiwa na Elia. Elia alikuwa amekonda kidogo. Aliamkia, akakaa chini kabisa kama mwanzo.

"Wageni wanamuulizia bibi," alisema. "Wamemwona mtandaoni. Tumeona tuweke onyesho la utani, pale pale, kwa heshima zote. Tumemshonea bibi Shakila nguo. Na tunaomba, dada, kama hutajali, ukae mkekani. Pasipo na mfiwa watu hawaelewi."

"Sitaki," Martina alisema.

"Nakuelewa kabisa."

Hakuna aliyemlazimisha. Elia alielewa, Mwinshehe alielewa, mjomba Andrea alielewa. Lakini mama wa jirani alimkumbusha kuhusu mabomba, na mwalimu mkuu alimwambia watoto sasa hawaendi tena mtoni asubuhi, na Shakila mwenyewe alipanda mlima akihema, na ile nguo mpya mikononi, sweta la kijani lisilo na kiraka. "Nitafanyaje bila wewe, mwanangu? Nitakuwa namchezea nani?" Martina akatazama yale macho ya kizee yanayong'aa, akaitikia kwa kichwa.

Siku ya tamasha ilipofika, akakaa mkekani. Shakila akatembea, wageni wakacheka, kamera zikamgeukia mfiwa ili zione huzuni. Akaombwa alie kidogo, hakuweza, wakasema haidhuru.

Wageni walipokwisha kuteremka, Shakila alibaki uani kunywa chai. Walikaa bega kwa bega kwenye benchi, kama alivyozoea kukaa na Regina. Ukungu ulikuwa unashuka. Martina alishika kikombe kwa mikono miwili, akafumba macho, akamwita mama yake aje kutoka kwenye kona ile, atoke shamba, aegemee ukuta, apumue, aje. Akasikiliza. Akafumbua macho kwa hofu.

"Bibi Shakila," alisema. "Hivi mama alikuwa anachechemea mguu upi?"

Shakila alifikiri. Alitua kikombe, akanyoosha miguu yake miwili mbele, akaitazama mmoja baada ya mwingine.

"Wa kulia," alisema. "Si ndivyo ninavyomfanya siku zote?"

Martina alitaka kubisha. Kulikuwa na jambo, kulikuwa na tenga la njegere na matope, na mguu fulani uliofungwa vijiti na yeye mwenyewe akaushikilia usitikisike. Aliutafuta. Lakini kutoka kwenye kona ya nyumba alikuja Shakila tu, na sweta jipya, akijishika kiuno, na watu wanapiga makofi.

"Eeh," alisema. "Wa kulia."

Akammiminia mzee chai nyingine.